Vizito vya nyavu vya risasi vinakusumbua? Soma hii kabla hujawasha jiko tena

Ukikaa kando ya Ziwa Victoria, Dunga, Usoma ama huko Usenge, jioni watu wakishona nyavu, maswali ya kuyeyusha risasi (ile metali laini na nzito, lead) ni yale yale kila siku. Mbona inaruka, mbona kizito kimetoka na makunyanzi, mbona imekuwa madonge. Nimeyapanga hapa vile yanakuja, shida kwanza alafu sababu, nikianza na ile iko na hatari kubwa.

Kitu moja kabla tuendelee. Hii ni ya vizito vya nyavu na ndoano pekee. Kama ulikuwa unatafuta za bunduki umepotea njia, Kenya kujitengenezea hizo bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na hiyo kesi haiishi na faini ndogo.

Shika hizi namba tatu kichwani. Maji yanachemka kwa digrii 100. Risasi safi inayeyuka kwa 327. Zinki inayeyuka kwa 419. Karibu kila shida ya kwa sufuria inatoka hapo, ni maji yameingia mahali pa moto, ama joto halijafika, ama joto limepita likabeba zinki. Iko shida ya nne ambayo haina namba unaweza ona kwa sufuria, hiyo nimeiweka mwisho na usiiruke.

Risasi inaruka ama inalipuka kwa sufuria

Hii usiichukulie ati ni kawaida ya kazi. Ni maji, karibu kila mara. Tone la maji likizama chini ya risasi moto linageuka mvuke na kupanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita, na huo mvuke ukitafuta njia ya kutoka unabeba risasi yote iliyo juu yake na kuitupa kwa uso wako.

Sababu ya kwanza, na iko mbele ya zingine mbali sana, ni mtu kuongeza vyuma baridi kwa risasi ambayo tayari imeyeyuka. Vyuma vilikuwa vimelala nje usiku, vina umande, ama viko na tope limekauka juu lakini ndani bichi. Dawa yake ni rahisi: pakia sufuria ikiwa baridi, vyote viyeyuke pamoja kutoka mwanzo. Kama lazima uongeze, panga vipande kwa ukingo wa jiko vipate moto kabisa kwanza, hata kama vinaonekana vikavu kama mfupa, alafu uvishushe polepole na koleo, usitupe.

Ya pili ni kijiko. Mtu anachota, anaweka kijiko chini kwa nyasi, anaongea na simu, anarudi anakizamisha. Kijiko kikae juu ya ukingo wa sufuria saa zote kikiwa moto.

Ya tatu ni moldi, ile unamwagia risasi ipate umbo. Moldi ya mbao bichi na moldi ya mchanga uliolowa zinajulikana, lakini ile inadanganya watu ni ya plasta. Plasta hata ukiianika jua wiki nzima na ikawa nyeupe pe, bado ina maji yamejificha ndani yake yenyewe, hayatoki mpaka uichome kwa joto la zaidi ya digrii 120 kwa masaa kadhaa. Ukimwaga kabla ya hapo inatema risasi kupitia tundu la juu, na tundu la juu ndilo umeinamia ukiangalia. Kwa maoni yangu achana na plasta, tafuta fundi wa jua kali pale Kamas, Kisumu, akuchongee ya aluminiamu ya vipande viwili, itakuzika.

Ya nne ni mvua na jasho. Kisumu mvua ya jioni haibishi hodi, na kufanyia hii kazi chini ya mwembe si kujikinga, matone yanabaki kwa majani na kudondoka baadaye. Ukiona mawingu yanajikusanya upande wa ziwa, funika sufuria na mfuniko wa chuma na uzime moto, kesho iko.

Na kuna zile bomba zilizofungwa pande zote mbili, vyuma vyenye tundu, kitu chochote kinaweza kuficha maji ama hewa ndani. Kata kwanza uone ndani, ukishindwa kukata usiyeyushe.

Vaa miwani ya kufunika macho yote, shati ya mikono mirefu ya pamba, glavu za ngozi, buti na suruali ikiwa juu ya buti, si ndani, kwa sababu ikiwa ndani risasi inashuka mpaka kwa kisigino. Kandambili hapana. Moto ukishika kando usimwage maji karibu na sufuria hata kidogo, weka ndoo ya mchanga mkavu.

Risasi ikikurukia: weka mahali palipochomeka chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, usibandue kipande kilichoshika kwa ngozi, usipake dawa ya meno wala mafuta ya kupika, nenda hospitali. Ikiingia jicho osha na maji mengi na upelekwe saa hiyo hiyo.

Kizito kimetoka na makunyanzi ama hakijajaa

Hii ndiyo malalamiko namba moja kwa idadi, na nzuri ni kwamba haina hatari. Moldi yako iko baridi, basi. Risasi ikigusa chuma baridi inaganda kabla haijafika kona, unapata ile sura ya mzee na ncha haipo. Vizito vya kwanza kwanza ni vya kupasha moldi, vitoe uvirudishe kwa sufuria usivihesabu. Unaweza pia kuweka moldi kwa ukingo wa jiko ipate joto, lakini si juu ya makaa moja kwa moja, aluminiamu itapinda na hapo haitafunga tena.

Kama moldi ni moto na bado, angalia joto la risasi. Wenye kipima joto wakae kati ya 350 na 390. Wasio nacho, chukua kijiti kikavu cha mbao ya saiprasi ukizamishe kidogo: kikigeuka kahawia mpaka cheusi bila kushika moto uko sawa, kikiwaka umepitisha. Na kama ni risasi laini safi, ile ngozi ya juu ikianza kuonyesha rangi za buluu na dhahabu, huo ni moto mwingi, punguza makaa.

Alafu kuna namna ya kumwaga. Watu wanamwaga kwa uoga, kidogo kidogo, wanasimama katikati. Mwaga mkono mmoja mpaka ijae na ibaki kilima kidogo juu ya tundu. Ikikataa kujaa kona moja tu na hiyo hiyo kila mara, hewa haina pa kutokea. Kwaruza mistari myembamba kwa uso wa moldi kutoka hiyo kona mpaka nje, blade ya msumeno wa chuma inatosha, nyembamba sana ili hewa ipite lakini risasi isipite. Mafuta ndani ya moldi pia yanaleta makunyanzi, osha na sabuni, suuza, na ikaushe kwa moto (rudi juu usome pale kwa maji).

Kikitoka na rangi ya jivu jivu iliyoparara, hiyo ni joto limezidi kidogo. Samaki hajali.

Imekuwa madonge kama uji wa wimbi uliokorogwa vibaya

Kabla ya kuogopa, ongeza moto kidogo ukoroge. Ikilainika yote, joto lilikuwa chini, kazi iendelee. Ikibaki na madonge juu, inang'ang'ania kijiko, na kila kizito kinatoka kibaya hata moldi ikiwa moto, umeingiza zinki.

Zinki inatoka wapi? Zile weiti za balansi kutoka kwa watu wa tairi. Zamani karibu zote zilikuwa risasi, siku hizi zimechanganyika na zinki na chuma, na kwa ndoo moja zote zina rangi moja ya vumbi la breki. Zipange moja moja kabla ya kuyeyusha, ni kazi ya kuchosha lakini hakuna njia ya mkato. Iliyoandikwa Zn ni zinki, Fe ni chuma. Isiyo na maandishi ibane na playa ya kukata: risasi inaingia meno, zinki inakataa. Ukiidondosha kwa saruji risasi inasema pu, zinki inalia ting. Zile bapa zenye gundi nyuma, kama ni risasi huwa ni laini karibu safi, ziweke kando utazihitaji, nitasema kwa nini.

Hata ukipanga, moja itapita. Ndio maana unaanza na moto mdogo, chini ya digrii 400. Risasi itayeyuka, zinki itabaki nzima ikielea juu pamoja na klipu za chuma, kwa sababu zote ni nyepesi kuliko risasi, unaziokota na koleo. Shida inatokea mtu akipuliza makaa mpaka mekundu ndio amalize haraka, zinki inapita 419 na kuyeyukia ndani, na ikishaingia haitoki kwa njia ya nyumbani. Utasikia watu wakishauri salfa, ama asidi, ama kuchoma zaidi mpaka iwake. Wacha kabisa, hiyo ni kutengeneza moshi wa sumu kwa boma. Mimina hiyo iliyoharibika kwa kopo kavu, ikiganda iandike na uitumie kama kizito kimoja kikubwa cha nanga ama umuuzie mtu wa skrepu ukimwambia ukweli.

Na usiyeyushie kwa karai ama ndoo ya mabati, mabati yamepakwa zinki. Sufuria ya aluminiamu nayo ikipata moto na mzigo huo chini inaweza kuachilia, na ukiwaza risasi moto ikimwagikia miguu utaelewa kwa nini nasema nunua chungu cha chuma kizito. Hicho chungu kisirudi jikoni milele, na kijiko chake pia.

Kizito kimekwama, ama spoki haitoki

Wanaotengeneza vile vya bomba vya kupitisha kamba wengi wanatumia spoki ya baiskeli katikati ya moldi kuacha tundu. Ikikataa kutoka, mara nyingi ni spoki ilikuwa tupu, inang'aa. Ipitishe juu ya koroboi mpaka iwe nyeusi ya masizi kutoka mwanzo hadi mwisho, na moldi pia ndani uipake huo moshi, safu nyembamba tu. Kingine ni muda. Risasi ikipoa inajikaza kwa spoki, kwa hivyo usingoje ipoe kabisa, ile dakika uso wake umeacha kung'aa kama maji na umekuwa mkavu, shika spoki na playa, izungushe robo kwanza ndio uivute. Ukivuta bila kuzungusha utararua tundu.

Kama masizi yapo na muda uko sawa na bado, angalia spoki kama imepinda hata kidogo, izungushe kwa kioo uone. Na angalia ukuta wa moldi kama una alama ya bisibisi, mtu aliyebandua kizito na bisibisi jana ndiye sababu ya leo. Gonga moldi kwa upande na kipande cha mbao, usichokoe.

Ni chepesi, ukikata unapata shimo ndani

Risasi ikiganda inapungua ukubwa, asilimia 3 hivi, na kama hakuna ya kujazia kutoka juu inaacha pango ndani. Ile kilima nilisema uache juu ya tundu ndio hufanya hiyo kazi. Tundu la kumwagia likiwa dogo sana linaganda kabla ya kizito chenyewe, lipanue kidogo. Ukishafanya hivyo na mashimo bado yapo, ni moshi wa mafuta ama unyevu kidogo.

Mabawa pembeni

Moldi haifungi. Mara nyingi ni tone la risasi limeganda kati ya pande mbili, likwangue na kijiti cha mbao. Kama si hilo, klempu imelegea ama risasi ni moto sana. Ikiwa imepinda mpelekee fundi.

Taka nyingi ya kijivu juu, kila ukitoa inarudi

Si taka yote ni taka. Ile unga ya kijivu ni risasi yenyewe imeshika hewa, na ukiitoa kila dakika unatupa pesa. Sababu ya kwanza ni moto mwingi, ya pili ni kukoroga koroga bila sababu, ya tatu ni skrepu chafu. Tupia kipande cha mshumaa ukubwa wa punje ya hindi, rudi nyuma, utatoa moshi na pengine uwake, ukizima koroga taratibu ukikwangua chini na kuta, nyingi itarudi kuwa risasi na utabaki na unga mweusi mkavu. Huo ndio wa kutoa, uingie kwa kopo lenye mfuniko wa kukaza. Usiumwage shambani, wala chooni, wala ziwani.

Kinapasuka ukikikunja kwa kamba

Weiti za klipu zina antimoni, asilimia 3 hivi, inaongezwa makusudi ziwe ngumu. Ni sawa kwa kizito cha tundu lakini ukitaka ile bapa ya kukunja itapasuka. Kwaruza na kucha: ikiacha alama kirahisi ni laini, inakunjika. Hapo ndipo zile bapa za gundi zinaingia. Usikubali kununua ganda la risasi la nyaya za simu kutoka kwa mtu humjui, utajikuta unaelezea polisi mambo ya vandalizimu.

Ulitumia betri ya gari, inatoa moshi na unga mwingi

Hapa hakuna utatuzi, simama. Sahani za betri zina asidi, zina chumvi za risasi zinazopeperuka kama vumbi, na zingine zina arseniki na antimoni, na taka yake ikipata unyevu inaweza kutoa gesi za sumu kali ambazo huzioni. Kiasi cha risasi unachopata ni kidogo pia. Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya mwisho wa 2007 na mapema 2008 juu ya watu kuchambua vumbi la betri mtaani. Hapa kwetu Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichafua mtaa mzima. Phyllis Omido aliyepigania hao watu, akapata Tuzo ya Goldman 2015, yeye alikuwa mfanyakazi wa ofisi, si wa tanuri, na bado mtoto wake aliyekuwa ananyonya alipatikana na sumu ya risasi. Korti iliamua 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikazunguka mpaka Mahakama ya Juu ikairudishia nguvu hiyo hukumu 2024. Betri nzee peleka mahali wanaponunua betri nzima nzima, usiifungue.

Kichwa kinauma, tumbo limefunga, mdomo una ladha ya chuma

Hii ndio ile shida ya nne niliyosema mwanzo. Watu wanaogopa moshi tu, lakini risasi ikiwa chini ya 400 haitoi moshi mwingi wake yenyewe. Kinachoingia mwilini zaidi ni ule unga wa kijivu. Unakaa kwa kucha, kwa shati, kwa sigara uliyoshika na mkono mchafu, kwa mandazi uliyokula ukingoja moldi ipoe. Alafu unabeba mtoto.

Angalia kwanza mambo madogo. Unakula ama kuvuta hapo kazini? Acha. Unanawa na sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kushika kitu kingine? Nguo za kazi zinafuliwa na za watoto? Zitenge. Unafagia kavu? Unarusha vumbi hewani, panguza na kitambaa kibichi, baada ya sufuria kuganda kabisa. Unafanyia wapi? Nje, upepo ukitoka mgongoni kwako, mbali na jikoni, kuku, na mahali watoto wanacheza mchanga. Maski ya kitambaa haizuii hii kitu. Mama mjamzito ama anayenyonyesha asikaribie kabisa, hata kuosha vyombo vyake.

Kama umekuwa ukifanya hii kazi na una tumbo la kusokota, kufunga choo, uchovu, hasira zisizo na sababu, mikono kulegea, acha leo na uende hospitali ya rufaa, usiishie duka la dawa. Mtoto akiwa na kifafa ghafla, kutapika ama usingizi usioeleweka, hiyo ni dharura. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwa damu kinachojulikana kuwa salama, na ikifika mikrogramu 5 kwa desilita linataka chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Ukifika mbele ya daktari anza na hii: ninayeyusha risasi nyumbani, nataka kupimwa risasi kwa damu. Usiposema utapimwa malaria na taifodi, upewe dawa za maumivu na urudi nyumbani kwa lile lile vumbi. Na kama mna watoto chini ya miaka sita kwa hiyo boma, waende wapimwe pamoja na wewe hata kama wanacheza vizuri.